Kiuno cha Dada Yangu

Kwa miaka mingi nimeshona nguo kwenye baraza ya duka moja pale Majengo, na kazi hiyo imenifanya niijue miili ya watu wa Songea pengine kuliko wanavyoijua wenyewe. Mwanamke akija na gauni la mwaka juzi na kuniambia limerudi baada ya kufuliwa, mimi huchukua futi yangu ya kupimia, nampima, na namba inasema yote bila mimi kufungua mdomo. Wanaume ndio waongo zaidi. Ukimuuliza mwanamume kiuno chake, anakutajia kile alichokuwa nacho siku ya harusi yake, halafu anakaza tumbo mpaka macho yanamtoka. Nimejifunza kusubiri tu. Lazima atapumua.

Daktari mmoja wa mradi wa afya alinikuta katika shughuli hiyo. Alikuwa mtu wa makamo, ametoka Dar es Salaam, na suruali yake ilikuwa imefumuka mshono wa nyuma. Nilimwazima kanga ajifunge, akakaa kwenye benchi langu akisubiri nimalize. Wakati huohuo akaja mzee mmoja aliyetaka koti. Mzee akakaza tumbo. Nikamwambia, "Baba, mimi nina muda. Pumua tu." Akapumua, nikasoma namba, nikaiandika kwenye daftari.

"Mama," daktari akaniambia nilipomrudishia suruali, "wiki ya pili hii natafuta mtu kama wewe."

Akanieleza. Mradi wao ulikuwa unawatafuta watu wazima ambao sukari yao kwenye damu imepanda kidogo lakini haijafikia ugonjwa. Mtu wa namna hiyo haumwi popote, analima, anacheka, anakula. Akigunduliwa wakati huo anaweza kubadilisha chakula na mwenendo, na huenda ugonjwa usije kabisa. Kabla ya kumtoboa mtu kidole walikuwa wanapima kwanza mzunguko wa kiuno, na wasaidizi waliokuwa nao walikuwa wanazungusha futi juu ya vitenge viwili na sweta. Namba walizopata hazikufaa kitu.

"Ni asubuhi tu," alisema. "Mchana unarudi kwenye cherehani yako."

Nilikubali siku hiyohiyo. Walinilipa posho, lakini kilichonivuta zaidi kilikuwa fahari. Mimi niliyeishia darasa la saba, daktari mzima amekuja kuniambia kwamba kuna kitu nakijua kuliko wasaidizi wake.

Walitufundisha siku moja kwenye chumba cha ofisi ya kata, manesi wawili, mimi, na kina mama watatu wa kujitolea. Daktari alichora ubaoni. Alisema vijiti vya kupimia sukari ni ghali na alivyopewa ni maboksi machache. Tukimpima kila anayejitokeza, vitaisha Bombambili kabla hatujafika Ruhuwiko. Kwa hiyo tutachuja. Kila mtu ataulizwa maswali machache na kupimwa kiuno, na kila jibu lina alama zake. Umri una alama. Kiuno kikubwa kina alama nyingi. Mzazi aliyewahi kuugua kisukari ana alama. Kazi ya kukaa ina alama, kazi ya jembe haina. Jumla ikifika kwenye mstari aliouweka, mtu anakwenda meza ya pili kutobolewa kidole. Isipofika, anapewa karatasi yenye picha za mboga na matunda, anakwenda zake.

Nesi mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alinyoosha mkono. "Na yule ambaye ana tatizo lakini alama zake hazifiki?"

"Watakuwepo," daktari alisema. Hakumung'unya maneno. "Watakuwa wachache. Lakini kwa vijiti hivihivi tutawapata wengi zaidi kuliko kupima ovyo."

Mimi nilimwelewa mara moja. Ukipewa kitambaa kidogo na watu ni wengi, unapanga kwanza mezani, unageuza huku na huku, kisha unakata mahali ambapo kinapotea kidogo kabisa. Kipande kitapotea tu, huwezi kukwepa. Niliona ni mtu mwenye akili.

Tulianza kwenye ukumbi wa parokia Bombambili. Watu walikuja alfajiri bila kula, kama walivyoelekezwa, na saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imetoka nje hadi kwenye ua wa michongoma. Walinipa fulana ya mradi. Nilikaa nyuma ya pazia, kina mama wanainua blauzi, wababa wanafungua mkanda, mimi nazungusha futi juu ya ngozi, naagiza pumua, nasoma namba kwa sauti, na yule nesi mtu mzima anaandika. Nesi akawa ananitania kwamba hajawahi kuona mwanamke anayewaamrisha wanaume wavue mkanda na wakatii.

Waliokutwa na sukari ya katikati walitoka meza ya pili wamekunja uso. Hawakujua wafurahi au walie. Wenyewe waliipa jina, kisukari kichanga. "Nina kisukari kichanga," mtu anamwambia mwenzake nje, na mwenzake anauliza, "Sasa kinakua lini?" Wanacheka.

Dada yangu alikuja siku ya tisa.

Ni lazima niseme dada yangu ni nani. Amenizidi miaka kumi na mmoja. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule, na tangu hapo dada ndiye aliyenipikia, akanichana nywele na kunichapa pale nilipostahili. Tulikulia kijijini, upande wa Namtumbo, kwenye mashamba ya tumbaku na mahindi. Yeye hakuhama kijijini. Aliolewa palepale, akazaa, akafiwa na mume, akaendelea kulima. Cherehani yangu ya kwanza aliinunua yeye kwa mauzo ya tumbaku ya msimu mmoja, akaipandisha kwenye gari la mizigo na kuisindikiza mwenyewe hadi mjini, ameishika kwa mikono miwili njia nzima kama mtoto mchanga. Mpaka leo mtu akinisifia mshono, yeye ndiye ninayemfikiria kwanza.

Siku hiyo alikuwa amekuja kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake. Alishuka kwenye gari la kwanza la asubuhi, akaambiwa nyumbani kwangu kwamba niko ukumbini, akaja na kikapu chake. Nilipofunua pazia kuita mtu mwingine, nikamwona amesimama.

"Shikamoo dada!"

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeambiwa mnapima bure, nami sijala tangu jana. Nipime basi."

Aliinua blauzi. Sketi yake ilikuwa imekunjwa kiunoni na kubanwa na pini kubwa kwa sababu ilimzidi. Nilizungusha futi. Hakuwa na haja ya kuambiwa apumue. Mwili wake ulikuwa mkavu, mwili wa mtu aliyelima maisha yake yote, na nakumbuka nilipendezwa nao. Nilisoma namba kwa sauti ya kujivunia. Ilikuwa chini kabisa.

Nesi akaanza maswali. Umri, akapata alama. Kazi, mkulima, hakuna alama. Shinikizo la damu, hapana.

"Mzazi aliwahi kuwa na kisukari?"

Tulitazamana mimi na dada. Mama alikufa kwa uzazi. Baba alikufa kwa mguu. Alipata kidonda kwenye unyayo, kikakataa kupona, kikapanda, mguu ukaoza angali hai. Pale kijijini walisema ametegwa, kwamba kuna mtu aliyemwekea kitu njiani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hakufika hospitali. Hakuna aliyempima chochote.

"Baba alikufa kwa mguu," dada akasema.

"Mguu siyo kisukari, dada yangu," nesi alisema kwa upole. "Niandike hapana?"

"Andika."

Nesi alijumlisha. Akainua macho akanitazama mimi, siyo dada. "Imepungua alama moja." Kisha akashusha sauti. "Tumpime tu. Ni dada yako, ametoka mbali, na hajala."

Boksi la vijiti lilikuwa juu ya meza ya pili, nililiona. Lilikuwa la mwisho kwa siku hiyo. Nyuma ya dada kulikuwa na foleni, na kwenye foleni kulikuwa na majirani zangu. Siku mbili kabla, mama mmoja wa kujitolea alimpitisha shemeji yake mezani, watu wakanung'unika, na daktari akatukumbusha kwa maneno makali kwamba utaratibu ukivunjwa kazi yote inaharibika. Mimi nilikuwa nimevaa fulana yao. Nilikuwa fundi wa Majengo aliyeaminiwa na daktari.

"Hapana," nikasema. "Utaratibu ni uleule kwa wote. Watasema tunapimana kindugu."

Nesi akainua mabega. Dada akashusha blauzi yake, akacheka. "Kumbe hapa wembamba hauna faida!" Akapokea karatasi yenye picha za mboga, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kikapu. Nilimwelekeza kwa mama anayeuza chai nje ya geti, nikamwambia anywe akinisubiri. Nilipomaliza nilimkuta amekunywa vikombe vitatu na kula chapati, ameweka sukari kama anavyopenda yeye, kijiko baada ya kijiko. Tukaenda nyumbani tukizungumza habari za kipaimara.

Mradi uliisha. Walifunga mabegi yao, daktari akaniaga kwa heshima, akanipa mkono mbele ya watu. Mashine moja ya kupimia waliiacha kwenye zahanati, lakini ilikuwa inakubali vijiti vya aina yake tu, na vilipokwisha halikupatikana duka la dawa hata moja mjini lililokuwa linaviuza. Ikawekwa kabatini. Wale wenye kisukari kichanga walikuwa wameambiwa warudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Wachache walirudi. Mwendesha bodaboda mmoja wa Bombambili aliniambia alikwenda mara mbili, mara ya pili akaulizwa anaumwa nini. Akasema haumwi. Akaambiwa aje akiumwa.

Yuko mmoja aliyefaidika, na sitaki kumficha. Ni mama wa duka la vitenge, tunatazamana ng'ambo ya barabara. Alikutwa katikati, akaogopa kwelikweli, akaacha soda, akapunguza wali, akawa anatembea kila alfajiri kwenda Ruhuwiko na kurudi. Ana uwezo wa kujipima mwenyewe kwenye maabara ya kulipia. Sukari yake ilishuka. Nimempunguzia sketi zake zote. Kila akinipita ananiambia, "Wewe mama umeniokoa," nami namwambia tumshukuru Mungu.

Msimu wa pili baada ya hapo, binti wa dada alinipigia simu kutoka kijijini. Akasema, "Mama mdogo, mama anapungua. Anakunywa maji kama mtu aliyekula chumvi. Mchana kutwa anakwenda chooni." Zahanati ya kule walimpa dawa za njia ya mkojo, akazimaliza. Wakampa tena. Kisha mtu akamwelekeza kwa mganga, akapewa mizizi ya kuchemsha. Katika muda huo wote aliendelea kwenda shamba, na kwa kuwa hakuwahi kuwa mnene, waliomwona kila siku hawakuona tofauti.

Nikasema aletwe. Nilikwenda kumpokea stendi, na wakati abiria wanashuka nilimpita. Nilimpita dada yangu mwenyewe kwa hatua nne nikimtafuta nyuma, hadi aliponiita. Sauti tu ndiyo iliyobaki. Kiuno kile nilichokisifia kilikuwa kimebaki mifupa ya nyonga, na alipotaka kunisalimia aliutoa mkono ukaenda pembeni yangu kidogo.

"Dada, unaniona?"

"Nakuona. Una ukungu tu."

Hospitali walimtoboa kidole na mashine haikutoa namba. Iliandika neno badala yake, na nesi akasema maana yake sukari imezidi kiwango inachoweza kusoma. Walimlaza. Alianzishiwa sindano. Siku ya tatu alipopata nguvu ya kuzungumza, daktari wa wodini, binti mdogo kuliko binti zangu, alikaa kitandani na karatasi zake akaanza kuuliza. Alipofika kwenye wazazi, nikamjibu kama tulivyojibu siku ile, kwamba hapana, baba alikufa kwa mguu.

Akaacha kuandika. "Mguu ulikuwaje?"

Nikamweleza kidonda cha unyayoni.

"Kilikuwa kinamuuma?"

"Hapana," dada akasema kutoka kwenye mto. "Ndicho kilichotushangaza. Tulikuwa tunakiosha, yeye anatusimulia hadithi na kucheka. Ndiyo maana watu wakasema siyo kidonda cha kawaida."

Yule binti akaandika neno moja, akaliwekea mstari chini. Hakutueleza na hakukuwa na haja. Nilisimama pale nikiwa nimeshika beseni. Alama moja iliyopungua siku ile ilikuwa ya baba.

Nilimfuata koridoni. Nikamuuliza, kama dada angepimwa miaka miwili iliyopita, ingekuwaje? Nilitaka aniambie mojawapo. Kwamba wakati ule alikuwa mzima, nipumue, au kwamba tayari alikuwa katikati na angeweza kuzuiliwa, ili nijue kosa langu lina ukubwa gani. Akatikisa kichwa.

"Hatuwezi kujua, mama. Huenda angekutwa katikati. Huenda angekutwa na ugonjwa tayari. Huenda damu ingeonekana safi kabisa siku hiyo. Na hata angekutwa katikati, tungemwambia nini? Apungue uzito? Atembee?" Akanigusa bega. "Usijitese."

Kisha akanipima mimi, kwa kuwa ni ndugu wa damu, kwa kijiti kimoja kutoka mfukoni mwa koti lake. Sukari yangu iko katikati. Akaniambia nisikae muda mrefu, nipunguze ugali, nile mboga. Nilimshukuru, nikarudi kwenye kazi ambayo mtu huifanya akiwa amekaa kutoka asubuhi mpaka jioni. Sijarudi kupima. Sijawaambia wanangu.

Macho ya dada hayakurudi. Walisema damu inavuja nyuma ya jicho, kwamba kuna mwanga wa kuchoma mishipa inayovuja, lakini uko mbali na Songea na unasaidia mtu akiwahi. Alipopelekwa kuonwa na mtaalamu aliyepita mkoani, yule mtaalamu alimwangalia muda mrefu, akasema jicho la kulia limekwisha na la kushoto limebakiza mwanga tu. Tukarudi nyumbani kwangu Bombambili. Hakuna aliyezungumzia tena habari ya dada kurudi kijijini.

Kulikuwa na neno moja nililokaa nalo moyoni miezi mingi. Jumapili moja, baada ya misa, nikiwa namsuka nywele uani, nikalitoa.

"Dada, siku ile ukumbini, nesi alitaka kukupima. Mimi ndiye niliyekataa."

"Nilisikia," akasema.

Mikono yangu ikasimama.

"Nilikuwa nimesimama palepale, mdogo wangu. Sikuwa kiziwi."

"Kwa nini hukusema kitu? Ungesema nipime, ningekupima. Wewe ni mkubwa wangu."

"Ningesema nini? Ulikuwa umevaa fulana yao. Watu wanakusikiliza. Nikajisemea, tazama mtoto wangu amekuwa mtu." Akasogeza kichwa. "Endelea kusuka, shingo inauma."

Nikaendelea. Machozi yalinidondoka kwenye mstari wa nywele na nadhani aliyasikia, maana alianza kuzungumza kwa sauti kuhusu mbegu za mahindi.

Mwaka huohuo yule daktari wa mradi alirudi. Alikuja hadi barazani kwangu, ameongezeka kiuno yeye mwenyewe, nikaliona hilo kabla hajakaa. Alikuwa anazunguka kuwauliza waliofanya kazi naye maswali kwa ajili ya ripoti. Akasema njia yetu ya kupima kiuno kwanza imeonekana kufaa, kwamba inaokoa vijiti vingi, na huenda wakaitumia mikoa mingine. Akasema namba za kiuno zilizotoka kwangu ndizo zilizokuwa safi kuliko zote.

Nikamtajia yule mama wa vitenge aliyeshusha sukari yake, kisha nikamwambia habari za dada. Nilimsimulia yote, na mguu wa baba nikauweka ndani. Hakunikatiza. Aliifunga kalamu yake.

"Pole sana, mama. Pole sana."

"Lile swali la mzazi," nikasema. "Huku kwetu nani anajua mzazi wake alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Ni kweli. Nitaliandika hilo."

"Ungeweza kupima kila mtu?"

Alifikiri. Ninamheshimu kwa kuwa alifikiri, angeweza kunifariji tu. "Hapana. Kwa vijiti vile, hapana. Nikiulizwa tena leo, nitachuja tena. Tungepima kila mtu, yule mama wa vitenge uliyenitajia asingefikiwa, na wengine kama yeye."

Nilitamani awe mwongo. Nilitamani awe mtu wa kula hela za wagonjwa, ili nimchukie nipumzike. Lakini nilitazama ng'ambo ya barabara, yule mama alikuwa anakunja vitenge vyake mlangoni, mwepesi kama msichana, na hesabu ya daktari ilikuwa sawa. Niliigeuza huku na huku kama kitambaa, wiki nyingi, na kila nilipoipanga upya dada yangu aliangukia nje. Kama boksi lingetosha watu wote angeingia. Kama baba angepimwa angeingia. Nami kama ningenyamaza tu, nesi akafanya alivyotaka, angeingia, na kijiti kingepungua kimoja tu. Kimoja. Daktari akaniomba niweke sahihi kwenye fomu, nikaweka.

Sasa siku zetu zinaendeshwa na sindano. Dawa inakaa kwenye friji la jirani, maana umeme kwake ni wa uhakika kuliko kwangu, na asubuhi naifuata kabla ya kuwasha moto. Dada amejifunza kuipokea bila kukunja uso. Anajua nyumba yangu kwa mikono. Anachambua maharage, anakunja nguo, na wateja wakija nyumbani anawasalimia kwa sauti kabla sijatoka. Kidole kimoja cha mguu kimeanza kuwa cheusi, ananiambia hakimuumi. Nimempeleka, wamekifunga, wamesema tukiangalie.

Wiki iliyopita dawa haikuwepo. Nilikwenda hospitali, dirishani wakaniambia haijafika. Nikazunguka maduka ya dawa Majengo yote, nikampigia simu yule binti daktari wa wodini, akasema atajaribu kuulizia, nisimwachishe kula kabisa ila nimpe kidogokidogo na maji. Nikarudi mikono mitupu. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, kanga imemfunika miguu.

"Umekosa," akasema. Alinijua kwa hatua zangu.

"Nimekosa. Labda kesho."

"Basi leo nisile."

"Utakula kidogo. Wamesema ule."

Nikamkorogea uji mwembamba, usio na kitu, nusu kikombe. Akaushika kwa mikono miwili lakini hakuunywa mara moja. Asubuhi ile wingu lilikuwa zito na upepo ulikuwa na harufu ya udongo.

"Mvua imenyesha?" akauliza.

"Juzi, kidogo."

"Kwetu watakuwa wanahamisha miche ya tumbaku."

Nikasema sijui, binti yake hajapiga simu. Akanywa uji ule taratibu hadi mwisho, akanipa kikombe, akauliza kama ninakwenda kazini. Nikamwambia leo siendi.